Jinsi ya Kupima Mwimbaji wa Kike Atakayekumbukwa Miaka 40 Ijayo

Ubishi wa nani atabaki kati ya Zuchu na Nandy, au kama Beyoncé atakuwa anapigwa bado mwaka 2065, kwa kawaida huishia kwenye idadi ya watazamaji wa YouTube. Hicho ni kipimo kibovu. YouTube ilianza mwaka 2005, wakati Brenda Fassie ameshafariki mwaka mmoja nyuma na Siti binti Saad ana miaka 55 kaburini. Tena namba ile haisemi kama ni watu 30 waliotazama au ni mtu mmoja aliyerudia mara 30. Na bibi wa Kibosho anayeujua wimbo mzima kwa ghibu hahesabiwi popote.

Kipimo kinachofuata hapa kinafanywa na watu wawili, Arusha au Moshi, kwa muda wa wiki nne, na gharama yake ni nauli na soda. Kimejengwa juu ya jambo moja: wimbo hudumu ukipata kazi. Sauti, sura na fedha za promosheni humfikisha msanii masikioni mwa watu. Kinachombakiza humo ni shughuli inayojirudia, ambayo watu wanaona haijakamilika mpaka wimbo wake upigwe. Mariah Carey alitoa wimbo wake wa Krismasi mwaka 1994. Ulishika namba moja Marekani kwa mara ya kwanza Desemba 2019, miaka 25 baadaye. Hakuna klabu inayoweza kuubeba wimbo robo karne namna hiyo. Krismasi inaweza.

Amua kwanza unapima nini

Neno "kukumbukwa" lina mambo matatu ndani yake, na ukiyachanganya karatasi zako zote zitakuwa takataka. Kuna jina linalojulikana, kuna wimbo unaoimbika, na kuna wimbo unaoimbwa na watu wasiojua ni wa nani.

Siti binti Saad ni mfano wa la kwanza. Alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, Shaaban Robert akaandika wasifu wake, TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, wakaliita jarida lao Sauti ya Siti. Jina liko imara. Lakini mpigie kijana wa Ngarenaro sauti yake halisi, hatajua ni nani.

La tatu mfano wake uko Moshi nzima kila Desemba. Boney M. walitoa "Mary's Boy Child" mwaka 1978, na mpaka leo gari halipandi mlima kwenda Marangu au Rombo kwa sikukuu bila kuupiga. Uliza mwanamke anayeimba sauti kuu anaitwa nani. Ni Liz Mitchell, na ni nadra umkute anayemtaja. Jina la bendi limemmeza. Kwa hiyo msanii wa kundi apimwe tofauti na anayesimama peke yake, na karatasi yako iwe na safu mbili tangu mwanzo: WIMBO na JINA. Usijumlishe safu hizo.

Kuna na "Malaika". Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu ya 1965, Boney M. wakaurudia mwaka 1981, na ubishi wa nani aliutunga, Fadhili William au Adam Salim, haujaisha mpaka leo. Ukiuweka kwenye orodha, andika pembeni unampima mwimbaji yupi, maana mtu atakayesema "wa Fadhili" hajakosea.

Orodha: majina 12, si zaidi

Chagua majina 12. Manne yawe ya waliovuma zaidi ya miaka 25 iliyopita, manne ya miaka 10 hadi 25, manne ya sasa. Wale wa zamani ndio mizani yako. Ukipima wa sasa peke yao, kila mtu atawajua, na utakuwa umegundua tu kwamba leo ni leo.

Orodha inayofaa mikoa hii ya kaskazini:

Wa zamani: Miriam Makeba, Whitney Houston, Brenda Fassie, Dolly Parton.
Wa kati: Lady Jaydee, Saida Karoli, Ray C, K-Lyn.
Wa sasa: Nandy, Zuchu, Beyoncé, Tyla.

Badilisha upendavyo ila usivuke 12. Vipande 12 vya sekunde 15 ni dakika 3 za kusikiliza; ukiongeza maswali inakuwa dakika 10 hadi 12 kwa mtu mmoja. Baada ya hapo muuza nyanya ana wateja wake, na majibu yanayofuata ni ya kukufukuza.

Rose Muhando watu watakuletea tu, hata kama hukumuuliza. Amua mapema. Ushauri wangu ni kumweka kama mizani ya 13 isiyohesabiwa, kwa sababu nyimbo za injili zina kazi kila Jumapili na zitakuonyesha kiwango cha juu kabisa kinavyoonekana.

Kuandaa vipande

Kwa kila msanii chagua wimbo mmoja tu, ule ambao watu watatu wasiohusika na kazi hii wameutaja wenyewe ulipowauliza "wimbo wake ni upi?" Wakitaja mitatu tofauti, hiyo tayari ni taarifa, iandike. Lady Jaydee ana tatizo hilo hasa: yuko kazini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kila mtu ana wa kwake, kuanzia "Machozi" mpaka "Ndi Ndi Ndi" ya 2016. Kura zake zinagawanyika. Yeye mpe vipande viwili, kisha chukua alama ya kile kilichofanya vizuri.

Kata vipande viwili kwa kila wimbo. Cha kwanza sekunde 15 za ubeti, cha pili sekunde 15 zinazoishia katikati ya kiitikio, pale ambapo mtu anataka kumalizia. Nyimbo nyingi za bongo fleva huanza kwa mtu kujitaja jina au kutaja studio na prodyuza; kata yote hayo. Kiitikio chenye jina la wimbo ndani yake kisiwe kipande cha kwanza.

Weka vipande kwenye simu yenyewe au kwenye flashi, usipige moja kwa moja kutoka mtandaoni. Bando litakatika, tangazo litaingia katikati, na picha ya msanii itatokea kwenye kioo na kumaliza mtihani. Sawazisha sauti: rekodi za zamani zina sauti ndogo, na mtu asiposikia vizuri atasema haujui. Tumia spika ndogo ya mkononi. Spika ya simu inazama kwenye kelele za soko la Kilombero.

Watu 40, mmoja mmoja

Tafuta watu 10 kwa kila rika: miaka 6 hadi 15 (mzazi awe pale pale na awe amekubali), 16 hadi 30, 31 hadi 50, na zaidi ya 50. Kumi kwa rika si utafiti wa chuo kikuu, ila hesabu zake zinafanyika kichwani.

Andika mwaka wa kuzaliwa badala ya umri. Mzee asiyekumbuka mwaka atakuambia kwa tukio: alikuwa shule Azimio la Arusha lilipotangazwa 1967, au alikuwa ameshaoa wakati wa vita ya Kagera 1978. Inatosha.

Usikae sehemu moja. Kijiwe kimoja kina masikio ya aina moja. Madereva na waongozaji wa watalii wa Arusha husikia nyimbo za wageni kutwa nzima, kwa hiyo watakupandishia Whitney na Beyoncé kuliko hali halisi. Mtu wa kwaya Uru ana nyimbo zake, shabiki wa taarab ana zake. Gawa hivi: 10 sokoni (Kilombero kwa Arusha, Mbuyuni kwa Moshi), 10 stendi na kwenye vifodi (daladala ndogo), 10 majumbani, 10 shuleni au chuoni. Asubuhi sokoni kabla ya saa 3 watu wanashusha mizigo. Nenda saa 5 mpaka saa 7 mchana, jua likiwa kali na wateja wamepungua.

Kilabuni penye mbege, pombe ya ndizi, watu wataimba kila kitu, na itakuwa furaha tupu, lakini hakuna data pale. Wa kwanza akijibu wote wanajibu. Mchukue mtu mmoja pembeni, au acha kabisa.

Maswali manne na alama zake

Piga kipande cha kwanza. Kimya kabisa. Usitikise kichwa, usiimbe, na mwenzako asicheke.

Alama za kuimba: simamisha wimbo, sema "endelea." Akiimba angalau mstari mmoja kwa sauti yake, hata kama maneno ameyapinda, 2. Akifuata mahadhi kwa kuguna, 1. Akinyamaza, piga kipande cha pili na umpe nafasi nyingine. Hapo alama ya juu ni 1.

Alama ya jina: "Nani kaimba?" Akipatia, 1. Jina la utani linakubaliwa. "Yule wa Wasafi" halikubaliwi.

Alama za kazi: "Wimbo huu unapigwa lini?" Uliza hivyo hivyo, usiongeze "labda harusini?" Akitaja shughuli maalumu, yaani sendofu, kuingia kwa maharusi, Krismasi, kubembeleza mtoto, msibani, mahafali, mpe 3. Akisema "disko" au "enzi zile," 1. Akisema "wowote tu," sifuri. Watu wanapenda kujibu "wowote," na wengi wanaofanya kipimo hiki mara ya kwanza huipa alama wakidhani ni sifa. Wimbo usio na siku yake hauna wa kuukumbusha.

Jumla ya juu kwa mtu mmoja kwa wimbo mmoja ni 6, na 1 ya jina inabaki kwenye safu yake, kwa hiyo unafanya kazi na 5 za wimbo na 1 ya jina.

Swali la nne halina alama: "Uliusikia kwa nani?" Majibu ya "mama," "kwenye gari la baba," "shuleni," "TikTok" yaandike kama yalivyo. Utayahitaji wimbo ukifanya vizuri na hujui kwa nini.

Namba inayosema ukweli

Kwa kila wimbo tafuta wastani mara mbili. Kwanza wastani wa watu wote 40. Halafu wastani wa waliozaliwa mwaka wimbo ulipotoka au baada yake. Waite wa baadaye. Gawa wastani wa wa baadaye kwa wastani wa wote.

Chukua mfano wa kubuni. Wimbo una wastani wa 4.0 kwa wote na 0.8 kwa wa baadaye: 0.8 kwa 4.0 ni 0.2. Maana yake wimbo unazeeka na wenyewe. Watu wake wakiondoka nao unaondoka. Mwingine una wastani wa 2.4 tu, ila wa baadaye wana 1.8: hiyo ni 0.75, na huo ndio wa kuwekea dau, hata kama kijiwe kizima kinasema umechuja. Kuanzia 0.5 kwenda juu uhesabu uko hai. Chini ya 0.25 unaishi kwa kumbukumbu za rika moja. Katikati ya hapo angalia alama za kazi peke yake ndipo uamue.

Kosa la kawaida hapa ni kuwa na wa baadaye wachache. Wimbo wa 1992 unahitaji watu wasiofika miaka 34, na hao unao wengi. Wimbo wa 2018 wa baadaye wake ni watoto wa shule ya msingi, na wa 2021 ni wa chekechea. Kwa nyimbo hizi mpya weka hesabu ile pembeni, tumia mbadala: chukua alama za watoto wa miaka 6 hadi 10 na za wenye zaidi ya 55, uangalie iliyo ndogo. Wimbo mpya uliovuka kwenda kote kuwili umeshatoka mikononi mwa rika lililoununua. "Sukari" ya Zuchu, ya 2021, watoto waliichukua wakaifanya mchezo wao, na hiyo ni dalili nzuri kuliko tuzo yoyote. Upande wa wazee ndio wa kupima.

Wiki ya mwisho ya Desemba

Kama unaweza kuchagua muda, fanya sehemu ya majumbani Uchagani kati ya Desemba 22 na 30. Watu wanapanda kutoka Dar, Mwanza, Dodoma na kwingineko, na kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, unapata bibi, mama, binti na mjukuu bila kutafuta. Ni nafasi pekee ya kuona wimbo ukishuka ngazi. Mpime bibi kwanza peke yake, kisha mjukuu peke yake, mama mwisho. Mama akianza atawafundisha wote wawili bila kujua.

Fanya asubuhi. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ikishafika mezani hakuna atakayekujibu swali.

Jipu la Desemba ni kwamba nyimbo za Krismasi zitapata alama za juu mno. Kama umeziweka kwenye orodha, zipime tena mwezi wa sita.

Kipimo cha matarumbeta

Hiki wengi hukiruka, nami naona ndicho kizuri kuliko vyote. Jumamosi mchana, nje ya kanisa, bendi ya matarumbeta huwa inasubiri maharusi watoke, vijana wamekaa nyuma ya pikapu hawana la kufanya. Wape hela ya soda, waombe wapige kiitikio kimoja wanachokijua kutoka kwenye orodha yako. Halafu tazama waliosimama karibu: kuna anayeimba maneno?

Tarumbeta haina maneno, haina biti, haina sura ya msanii wala bajeti ya video. Linalobaki ni mahadhi matupu. Nyimbo zinazosimama kwa milio ya kompyuta hufa hapo hapo, kwa sababu ule mlio ndio ulikuwa wimbo. Milio ya vinanda vya miaka ya 1980 inasikika ya kizamani leo, na sauti zilizopitishwa kwenye mashine za kunyoosha noti zitasikika hivyo hivyo mwaka 2060. Mahadhi hayana tarehe. "Malaika" inapita mtihani huu bila jasho. Ukikosa bendi, mtafute mtu mwenye mluzi safi, watu 8 wasikilize mmoja mmoja. 5 wakiutambua, umepita.

Lugha isikutishe. Saida Karoli aliimba "Maria Salome" kwa Kihaya mwaka 2001, na walioimba nao kutoka Sanawari mpaka Pasua wengi hawajui neno la Kihaya. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakautumia kutengeneza "Salome", na watoto waliozaliwa baada ya kaseti yake wakaupata upya. Kinachotakiwa ni silabi zinazokaa vizuri mdomoni.

Kazi huwa haichaguliwi na mwimbaji

Hapa ndipo watu wa muziki hukosea wakidhani maana ya maneno ndiyo inayoamua. Dolly Parton aliandika "I Will Always Love You" kumuaga bosi wake wa kikazi, Porter Wagoner, akautoa mwaka 1974. Ni wimbo wa kuondoka. Whitney Houston akaurekodi mwaka 1992, ukakaa namba moja Marekani wiki 14, na kumbi za Arusha na Moshi zikaupokea kama wimbo wa harusi. Hakuna MC aliyewahi kuzuia. Umeajiriwa, basi. Kwa karatasi yako maana yake ni kwamba Dolly Parton anaishi mara mbili: kwa nyimbo zake, ambazo wapenzi wa kantri wa mikoa hii hawaziachi, na kwa wimbo ambao watu wanaamini ni wa Whitney. Kwenye safu ya JINA atapoteza, na ni halali.

Brenda Fassie yeye kazi aliikabidhi mwenyewe. "Vulindlela" ni mzazi anayefurahia ndoa ya mwanawe, na maadamu watu wanaoa, DJ ataupiga zawadi zikianza kupelekwa mbele. K-Lyn na "Nalia kwa Furaha" yuko njia hiyo hiyo, kwa tofauti moja: alihamia kwenye biashara, jina halisikiki redioni, wimbo unaendelea bila yeye. Tarajia WIMBO juu, JINA chini.

Kwa hiyo kabla ya kufunga karatasi, zungumza na ma-DJ watatu na ma-MC wawili wa harusi. Usiwaulize wanapenda nini. Omba kuona orodha ya nyimbo walizopiga sherehe tatu zilizopita, na hesabu wimbo wa msanii wako umetokea saa ngapi ya shughuli: kuingia, keki, zawadi, au muziki wa kufungia saa 5 usiku. Wa kuingia na wa keki ndio wenye ajira ya kudumu. Wa kufungia hubadilishwa kila mwaka.

Vinavyoharibu matokeo

Kiki. Msanii akiolewa, akigombana au akizaa wiki ile unayopima, mwondoe, mrudie baada ya miezi mitatu. Kifo ni kibaya zaidi: Whitney alipofariki Februari 2012 na Bi Kidude Aprili 2013, redio zilipiga nyimbo zao kutwa, na kila mtu alionekana anazijua.

Upendeleo wa nyumbani. Vanessa Mdee ni mzaliwa wa Arusha, Nandy wa Moshi. Mpime Vanessa Moshi na Nandy Arusha, kisha kila mmoja kwenye mji wake, uchukue alama ndogo. Kwa Vanessa kuna mtego mwingine: wengi wanamjua kama mtangazaji na sura ya televisheni, na alitangaza kuacha muziki mwaka 2020. Jina litapatikana kirahisi. Sisitiza mtu auimbe wimbo wenyewe.

Kujua video badala ya wimbo. Mtu akianza kukuelezea gauni, mchezo au nani alikuwemo, hiyo si alama.

Ufufuo. Kate Bush alitoa "Running Up That Hill" mwaka 1985, ukashika namba moja Uingereza mwaka 2022 kwa sababu ya tamthilia ya televisheni. Wimbo wa Connie Francis wa miaka ya 1960 ulizunguka dunia kupitia TikTok mwaka 2025, muda mfupi kabla hajafariki Julai. Mambo haya hayatabiriki na usiyape alama. Weka nyota ndogo tu pembeni ya wimbo ambao rekodi yake safi ipo na mahadhi yake yalipita kwenye tarumbeta, maana ufufuo unahitaji maiti iliyohifadhiwa.

Nani ameshika nakala

Hilo linaleta swali ambalo halipo sokoni wala harusini. Kwa kila msanii tafuta kama rekodi asili, yenye sauti nzuri, inapatikana sehemu mbili rasmi. Siti alibaki kwa sababu ya santuri na kitabu. Taylor Swift alirekodi upya albamu zake kuanzia 2021 baada ya rekodi za awali kuuzwa bila yeye, na mwaka 2025 akazinunua zenyewe. Mtu aliyeshika nakala zake ndiye anayeamua zitumike wapi. Kwa upande wetu bongo fleva ya mwanzo ilitoka kwenye kaseti, na nyimbo nyingi za akina dada wa miaka ile zimebaki mtandaoni kama nakala za mashabiki zenye sauti ya kwenye pipa. Hapo ndipo nina wasiwasi na Ray C kuliko kwenye kipaji chake.

Kama kabatini kwenu kuna kaseti asili, ihamishe. Vunja vile vidude viwili vya plastiki juu ya kaseti ili isifutike kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja, utepe ulegee. Safisha kichwa cha deki kwa pamba ya masikio na spiriti, subiri dakika 3 kikauke. Unganisha deki na kompyuta kwa waya wa sauti, rekodi kwa Audacity, programu ya bure, kwenye WAV ya 44.1 kHz na biti 16. Dakika moja inachukua takriban megabaiti 10, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ni kama megabaiti 600. Mshale wa sauti usivuke desibeli −6. Utepe ukilia kama panya au sauti ikififia upande mmoja, tazama kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe; mara nyingi kimebanduka. Usirekodi MP3 kwanza ukidhani utaboresha baadaye. Kuhifadhi kwako ni jambo moja, kuuza au kupandisha mtandaoni ni jingine: hakimiliki Tanzania inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Dau langu kabla hujaanza

Ili uwe na cha kunikosoa nacho: Whitney na Brenda salama, kwa harusi. Makeba salama kwa wimbo, jina litategemea shule. Lady Jaydee jina litavuka, wimbo mmoja wa kumbeba sijauona ukijitenga na mingine. Saida Karoli atawashangaza wengi. Beyoncé akibaki huku atabaki kwa "Halo" ya 2008, ambayo imeshaingia harusini, wala si kwa tuzo zake za Grammy ambazo hakuna anayezifikia. Taylor Swift atakumbukwa sana Marekani. Hapa kwetu bado hana ajira. Tyla na "Water" ya 2023 ninamwogopea kwenye tarumbeta. Kati ya Zuchu na Nandy, ninampa Zuchu nusu hatua mbele: mama yake ni Khadija Kopa, na aliyelelewa ndani ya taarab anajua wimbo unavyotengenezewa ukumbi wa akina mama. Nandy na "Ninogeshe" anaweza kuipindua hesabu hiyo kwenye kicheni pati tatu tu.

Ukimaliza, andika tarehe na mahali juu ya kila karatasi, zipige picha, na uhifadhi vipande vilevile vya sauti pamoja nazo sehemu mbili tofauti, maana flashi iliyokaa droo miaka mitano inaweza isifunguke. Rudia mwaka wa tano kwa vipande hivyo hivyo na masoko hayo hayo, ukianza na watoto ambao safari ya kwanza walikuwa hawajazaliwa.